Kichupa Kilichokwenda Uvira

Kazi yangu ni kuwachoma watu vidole. Nimeifanya miaka mingi hapa mjini Baraka, kando ya ziwa, katika chumba chenye dirisha moja, darubini moja na kiti cha mgonjwa ambacho mguu wake nimeufunga kwa mpira wa baiskeli. Natafuta malaria, natafuta minyoo, na tangu tuletewe kimashine kinachosoma tone la damu napima sukari pia. Watu wananiita dokta wa damu, nami sijawahi kumsahihisha hata mmoja. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba katika mambo haya sikuwa mtu asiyejua. Ningekuwa sijui, labda ningelala vizuri zaidi.

Dada yangu mdogo ni fundi wa nguo. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu na cherehani yake ilikaa kwenye baraza moja karibu na soko, yeye na redio yake. Ule mwaka alianza kupunguza nguo zake mwenyewe. Sketi kwanza, halafu magauni ya kanisani, halafu tena zilezile sketi. Mimi nilimtania kwamba anajiandaa kwa mchumba wa Bukavu anayependa wanawake wembamba. Alicheka, akanywa maji. Alikuwa na kidumu cha lita tano chini ya cherehani na kabla ya saa sita mchana kilikuwa kitupu. Hilo pia nililiona. Nilidhani ni jua.

Siku alipoanguka walimleta kwangu, si hospitali, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa karibu. Nilimchoma kidole. Kimashine hakikutoa namba, kiliandika tu kwamba sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Nikabadilisha kijiti, nikapima tena, jibu likawa lile lile. Basi nikajipima mimi mwenyewe, nikiomba Mungu kimashine kiwe kimeharibika. Sukari yangu ilikuwa safi kabisa.

Hospitalini walimpa insulini kutoka kwenye chupa chache zinazowekwa kwa ajili ya watu wanaofika wakiwa taabani. Siku ya tatu alikaa kitandani na kuuliza nani anamlindia cherehani yake. Daktari wetu, mtu wa Fizi kule milimani, mpole, asiyependa kupandisha sauti, alituita mama na mimi akatueleza kwamba kisukari si ugonjwa mmoja. Kuna kile ambacho mwili una insulini lakini hauisikilizi, na huyo mtu anasaidiwa na vidonge. Na kuna kile ambacho kinga ya mwili wenyewe imeligeukia kongosho, mahali insulini inapotengenezwa, ikalishambulia mpaka likanyamaza. Huyo wa pili vidonge havimsaidii kitu. Anahitaji insulini kila siku ya maisha yake, na akiikosa hafiki mbali.

Mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Daktari akatafuta njia, akamwambia ni kama askari waliotumwa kulinda kijiji wakaanza kukipora. Mama alielewa haraka kuliko wauguzi wawili waliokuwa wamesimama pale. Kwetu jambo hilo halihitaji mfano wa pili.

Insulini ya bure ilikuja kwa mradi mmoja wa watu wa nje. Watoto walipewa bila maswali, kwa kuwa mtoto mwenye kisukari karibu kila mara ni wa namna ile ya pili. Lakini mtu mzima kama dada yangu alitakiwa kuonyesha ushahidi, nao ushahidi ulikuwa kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, yaani alama za wale askari waliogeuka. Zikionekana, jina lake lingeingia kwenye orodha na angepewa chupa zake kila mwezi. Zisipoonekana, vidonge. Daktari alisema yeye kwa macho yake anaona hiki ni cha insulini, ila macho yake hayakubaliwi na mradi. Wanataka karatasi.

Mimi nilikuwa upande wa karatasi. Hilo nalikiri. Nilimwambia daktari, tena mbele ya mama, kwamba mashine haina huruma wala chuki, na kwamba afadhali tujue.

Kipimo hicho hakifanyiki Baraka. Hata Uvira hakifanyiki. Uvira kulikuwa na nyumba ya mradi ambako vichupa vya damu kutoka kila upande vilikusanywa siku moja, vikatiwa kwenye friji, kisha vikavushwa mpaka wa nchi kwenda zilipo mashine. Kila mgonjwa kichupa kimoja. Dada yangu hakuwa na nguvu za kukaa juu ya pikipiki njia nzima ile. Mimi nami sikuweza kutoka, kipindupindu kilikuwa kimeanza tena kwenye vitongoji vya ziwani na chumba changu kilikuwa na foleni mpaka nje. Mama akasema atapeleka yeye. Njia ya Uvira anaijua tangu sijazaliwa, kwa kupeleka ndakala, dagaa wetu wa ziwani, zilizokaushwa. Vizuizi vyote anavijua, na wanaokaa kwenye vizuizi wengi wanamjua yeye.

Nilimtoa dada damu asubuhi mapema, nikaandika jina lake kwenye kichupa kwa herufi kubwa, nikakifunga kwa pamba, nikakitia kwenye kile kisanduku cha baridi tunachobebea chanjo. Kisha nikampa mama maagizo. Sasa mimi nikitoa maagizo nakuwa mtu mbaya, mke wangu amenieleza mara nyingi. Nilimwambia asikifungue. Nilimwambia asikiweke juani, asikikalie, asimpe mtu amshikie. Nilimwambia, "Mama, hii damu ikipata moto haina kazi tena. Ikiharibika, usirudi hapa kunielezea." Nilisema hivyo kwa mama yangu mzazi, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, akiwa amesimama na kisanduku mikononi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine.

Akajibu, "Sawa, baba." Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Alirudi siku ya pili jioni. Nilimuuliza kama kimefika, akasema kimefika. Nilimuuliza kama wamekipokea wakiwa wameridhika, akasema wamekipokea na kuandika kwenye kitabu. Akaenda kuoga. Nakumbuka nilimsifu mbele ya watoto, kwamba bibi yenu ameshinda hata watu wa chanjo, naye akaniambia niwaache watoto wale.

Tukangoja. Daktari alifanya jambo ambalo hakuruhusiwa, akaendelea kumpa dada insulini kidogo kidogo kutoka zile chupa za dharura. Ilikaa kwetu kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga uliolowa, maana friji hatuna. Nilimfundisha kujichoma tumboni. Mwanzoni alilia, baadaye akawa anajichoma huku anapiga simu. Alinenepa. Alirudi kwenye cherehani na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kufumua mishono ya nguo zake zote na kuzipanua, akinilaumu kwamba mimi ndiye niliyemwambia amependeza akiwa mwembamba. Zile zilikuwa wiki nzuri. Ningejua, ningezitazama vizuri zaidi.

Karatasi ilipofika ilikuwa na mistari mitatu, kila mmoja kingamwili ya namna yake, na mbele ya kila mmoja pameandikwa kwamba haikuonekana. Daktari aliisoma mara mbili. Akasema wako watu ambao kipimo hiki hakiwashiki ingawa ugonjwa wao ni uleule, hivyo yeye bado ana shaka. Mimi nilikuwa nimeshafurahi. Kwangu maana yake ilikuwa kwamba dada ana ule ugonjwa mwepesi, wa vidonge na kupunguza ugali. Nilimwambia daktari, kwa heshima lakini kwa ujuaji wangu wote, kwamba tuliomba mashine ijibu nayo imejibu. Mradi ulifunga faili. Chupa za dharura zikarudi kuwa za dharura, na dada akapewa vidonge.

Nyumbani tulipika kuku. Mama alipika, akapakua, akaketi mlangoni bila kula. Nilidhani ni uchovu.

Sukari ya dada ilipanda ndani ya siku chache. Nilimpima asubuhi na jioni, nikaandika, na kila nilipoandika nilikasirika. Nani alaumiwe? Karatasi ilikuwa imeshasema. Mashine haidanganyi, vidonge ni vizuri, kwa hiyo aliyebaki ni mgonjwa. Nikaanza kumwona mwongo. Nilimuuliza amekula nini, amekunywa nini, nani amempa Fanta, kama amekunywa yale maziwa ya Bibokoboko kule milimani na kuyatia sukari. Siku moja saa nne asubuhi niliacha foleni yangu, nikaenda mpaka barazani kwake, nikafungua mkoba wake mbele ya wateja. Nilikuta tepu ya kupimia, Agano Jipya na ndizi moja mbivu. Niliinua ile ndizi kama askari aliyekamata bunduki.

Dada aliendelea kutazama kitambaa chake. "Kaka, mi sikule kitu," akasema. "Hata ile ndizi iko ya mutoto wa jirani."

Sikumwamini. Nilimwambia kwamba ugonjwa wake utamuua kwa ulafi wake. Maneno yale yalisikika baraza nzima, na mama mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mwanawe akajifanya anahesabu vifungo. Mpaka leo nikipita pale napita upande wa pili wa barabara.

Siku sita baadaye alianza kupumua kwa nguvu, pumzi ndefu za mtu aliyepanda mlima, na mdomo wake ukawa unanuka kama matunda yaliyoiva mno. Ile harufu naijua. Tulimbeba mpaka hospitali kwenye pikipiki, yeye katikati na mimi nyuma nikimshikilia, na alikuwa mwepesi hata nikaogopa. Daktari alifungua kabati la dharura mwenyewe.

Adhuhuri, wakati dada amelala na maji yanaingia mshipani, mama alinivuta koti langu la kazi akanitoa nje, mpaka nyuma ya jengo ambako ndugu za wagonjwa wanapikia. Wanawake walikuwa wanakoroga bugali. Tulisimama kando kidogo ya moshi.

"Baba," akasema, "ile karatasi haiko ya mutoto."

Nikamwambia ina jina lake, nimeliona kwa macho yangu.

"Jina ni yake. Damu ni yangu."

Akanieleza yote kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Kwenye kizuizi kimoja baada ya Lweba walikuwa vijana wapya wasiomjua. Waliona kisanduku cha hospitali wakataka kujua dawa gani anasafirisha. Walikifungua, wakatoa barafu, wakaitia kwenye maji yao ya kunywa, wakamkalisha juani muda mrefu wakibishana. Walipomrudishia, kichupa kilikuwa na joto mkononi mwake. Alipanda pikipiki akaendelea na safari kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Kabla ya kufika Makobola alimwambia dereva asimame kwenye kituo kimoja kidogo cha afya cha njiani. Alimkuta mwanamke wa zamu, akamweleza kwamba damu ya mtoto wake imeharibika na leo ndiyo siku ya mwisho, akamwomba amtoe yeye damu badala yake. Yule mwanamke alikataa. Mama akapiga magoti. Yule mwanamke akamtoa damu, akaandika kwenye kichupa kipya jina lililokuwa kwenye kile cha zamani, akampa barafu ya chanjo zake. Kile cha dada mama hakukitupa. Alikifukia pembeni ya migomba, kwa sababu kwetu damu ya mtu haiachwi hovyo.

Mimi ambaye naona mshipa wa mtu kabla sijaona sura yake, sikuutazama mkono wa mama aliporudi. Wiki nzima alivaa sweta.

Nikamuuliza kwa nini. Sauti yangu ilitoka kubwa, na wale wanawake wa bugali wakageuka.

"We ulisema ikipata moto haina kazi. Ulisema nisirudi kukuelezea. Na mi njo nilimuzaa. Damu yake ilitokea wapi? Si kwangu?"

Hapo ndipo hasira yangu yote iliponiishia na nikabaki sina kitu mkononi. Nilitaka kumlaumu mama, nikashindwa. Nilitaka kuwalaumu wale vijana wa kizuizini, lakini hao ni kama mvua, unamlaumu nani. Nilikumbuka ndizi. Nilikumbuka nilivyoiinua.

Nilikwenda kwa daktari nikamweleza, nikiwa nimesimama kama mwanafunzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakukusudia liniumize, maana yeye si mtu wa kuumiza. Alisema kingamwili si chanjo. Alisema zinavumilia. Kwa saa chache za joto, kile kichupa cha kwanza kilichofukiwa kwenye migomba pengine kingepimika vizuri tu.

Kwa hiyo sheria ile ya moto ilikuwa yangu. Niliichukua kwenye kazi ya chanjo, nikaivisha damu ya dada yangu, nikamtisha nayo mama. Hakuna mtu wa mradi aliyeniambia kwamba ikipata joto haina kazi. Walisema tu ipelekwe ikiwa baridi.

Daktari aliandika barua kwa mradi siku hiyohiyo, akaituma kwa simu. Aliandika kwamba kulitokea kosa katika usafirishaji, akaomba kichupa kingine. Hakumtaja mama, namshukuru. Jibu lilichukua siku tisa. Walisema wanasikitika, lakini jina hilo limeshapata kipimo chake, awamu ya vipimo imefungwa, na kwa hali ya njia hawajui lini watakusanya tena. Walishauri aendelee na vidonge na afuatiliwe kwa ukaribu. Daktari alinisomea polepole kisha akaizima simu yake na kuiweka kifudifudi mezani.

Kabatini kulikuwa na chupa mbili. Chupa hizo si za dada yangu. Ni za kila mtu atakayeletwa amezimia, kutoka Fizi, kutoka vijiji vya ziwani, kutoka milimani wakipata njia. Daktari alisema atampa dada kutoka kwenye moja mpaka atakapoulizwa, na kwamba mtu akiletwa wakati imebaki hiyo pekee, ataichukua ampe huyo. Alisema hivyo akinitazama usoni. Nilimwambia nimeelewa. Insulini ya kununua inapatikana Uvira njia ikiwa wazi, na wiki ile haikuwa wazi. Huku nikielewa kila kitu, nilihesabu kwa kichwa chupa inakwenda siku ngapi, nikaacha kuhesabu.

Nilirudi wodini. Dada alikuwa macho, amekonda tena, anamwelekeza mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kushona pindo la kitenge chake kwa mkono. Nilimwambia habari za ndizi, kwamba nilikosea. Alisema alishasahau, na nilijua hakusahau. Habari ya kichupa sikumwambia. Mama alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, mgongo ukutani, anangoja nimpe jibu la barua. Nilichuchumaa nikamnong'oneza ili dada na wengine wasisikie: hawatapima tena.

Hakulia. Alikaa akifikiri, anavuta vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akakunja mkono wa blauzi mpaka juu ya kiwiko, taratibu, kama wanavyofanya watu wote wanaoketi kwenye kile kiti changu, akaniwekea mkono magotini.

"Ile karatasi ilisema yangu iko muzuri," akanong'ona. "Haina hata askari mumoja mubaya. Basi juu ya nini habawezi kutoa hii yangu bamutie yeye?"

Nilifungua mdomo kumweleza. Ninazo sababu zote, nimesomea. Nilimweleza kwamba insulini haikai kwenye damu hivyo, kwamba kilichokufa kwake ni kongosho, kwamba hata tukimtilia damu yake yote kesho yake tutakuwa palepale. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, mkono bado uko magotini mwangu, mshipa umesimama vizuri.

"Enda umuulize dokta," akasema. "We ulishakosea mara moja."

Nikainuka, nikapita katikati ya vitanda, nikagonga mlango wa daktari, na alipoitikia nikaingia kumuuliza.